Maswali yenu: miamba ya Kondoa, jiopaki na wageni

Tangu nigusie katika safu hii utalii wa miamba na wazo la kuifanya Kondoa jiopaki, maswali yamemiminika kutoka Kondoa, Chemba na Dodoma mjini. Nachukua machache.

Swali: Tukikubali jiopaki, si ndiyo mwanzo wa kuhamishwa? (Mkulima, Kondoa)

Jiopaki si pori la akiba wala hifadhi ya taifa. Ni eneo lenye miamba na sura ya nchi zenye thamani kimataifa, ambamo watu wanaendelea kuishi, kulima na kufuga, na wenyeji wana sauti katika kuliendesha. Hadhi hiyo hutolewa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, na haileti sheria mpya ya ardhi. Hata hivyo, pale jiopaki inapolalia juu ya hifadhi, sheria za hifadhi hubaki na nguvu zake.

Hofu yako naielewa. Wazee wa Milima ya Irangi hawajasahau mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ili ardhi iliyoliwa na makorongo ipone. Kwa hiyo msikubali jambo la mdomo. Daini mkutano mkuu wa kijiji, maelezo ya maandishi na ramani ya mipaka.

Swali: Michoro ya Kondoa tayari ni Urithi wa Dunia. Jiopaki ya nini tena? (Mwalimu, Chemba)

Hadhi ya Urithi wa Dunia ya mwaka 2006, yenye eneo la kilomita za mraba 2,336, inalinda michoro. Jiopaki ingesimulia nchi nzima iliyoibeba michoro hiyo: Bonde la Ufa, miamba iliyopasuka ikaacha mapango, udongo, maji na watu wake. Tanzania ilipata jiopaki yake ya kwanza ya UNESCO mwaka 2018, Ngorongoro-Lengai. Hadhi hiyo hukaguliwa kila baada ya miaka 4, na eneo likizembea hunyang'anywa. Tena, kabla ya kuomba, eneo linatakiwa liwe limekwisha kufanya kazi kama jiopaki kwa angalau mwaka mmoja. Cheti huja nyuma ya kazi.

Swali: Ninauza chakula Kolo. Magari ya wageni yanapita moja kwa moja kwenda Babati. Tufanyeje wasimame? (Mama lishe)

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote. Wilaya nyingi huanza na lango na bango kubwa, kisha zinangoja mzungu. Mimi naamini mgeni wenu wa kwanza yuko Dodoma mjini. Lami ya Dodoma hadi Babati ipo. Serikali imehamia Dodoma na watumishi wake, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kimejaa wanafunzi, wabunge wanakaa miezi kadhaa wakati wa bajeti, na tangu 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inawaleta watu wa Dar es Salaam. Jumamosi wengi wao hawana pa kwenda.

Hao hawakosi hamu. Wanakosa kujua: kiingilio shilingi ngapi, kupanda hadi kwenye michoro ya Mungumi wa Kolo ni muda gani, choo kipo, watoto watakula nini? Bandikeni majibu hayo mahali pa wazi, bei moja kwa wote. Ugali wa uwele na mlenda uwe tayari saa saba, maana mtu aliyeteremka mlimani na njaa akiukosa ataula Babati.

Kisha kuna mwongoza wageni. Kusema "hii ni michoro ya kale" hakutoshi. Aeleze kwa nini michoro mingi ni myekundu na mingine myeupe, na kwamba mahali hapo wenyeji bado wanafanya matambiko, hivyo kuna siku na sehemu za kuheshimu. Ayajue hayo kwa wazee, si kwa kubahatisha.

Wekeni pia daftari. Kila mgeni aulizwe ametoka wapi, amekaa saa ngapi, na alitaka nini akakikosa. Mkiwa na daftari la mwaka mzima, hata mtu wa benki atawasikiliza.

Swali: Shikamoo. Sisi vijana tunaokota mawe yenye fuwele tunawauzia wageni. Kuna ubaya? (Kijana, Kondoa)

Marahaba. Acheni, mwanangu. Wanaosimamia jiopaki ya UNESCO hawaruhusiwi kushiriki biashara ya mawe na visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe), na kila kipande mnachouza kinapunguza kile ambacho mgeni wa kesho angekuja kukiona. Uzeni asali, vikapu, mafuta ya alizeti. Na mkimwona mtu anamwagia maji michoro ili picha ing'ae, mzuieni; maji yanaiharibu. Vivyo hivyo wanaochimba chini ya mapango wakitafuta mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani: vita vya Kondoa vya 1916 ni kweli, lakini shimo wanaloacha linavuruga tabaka ambazo wataalamu wangezisoma.

Swali: Mawe makubwa ya Dodoma yalitoka wapi? (Mwanafunzi)

Chini. Mengi ni matale (graniti), yaliyopoa polepole kilindini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mvua na upepo viliondoa kilichoyafunika, mwamba ukaoza kando ya nyufa, mawe yakabaki mviringo.

Swali: Twende miezi gani? (Familia, Area C, Dodoma)

Juni hadi Oktoba, kukiwa kukavu. Ondokeni alfajiri, vaeni viatu visivyoteleza, na pitieni kwanza ofisi ya Kolo mpate kibali na mwongozaji.