Mtaalamu wa Kampuni Kwenye Meza ya Mdhibiti: Maswali na Majibu

Katika safu iliyopita nilijadili pendekezo linalosikika mara kwa mara kutoka kwa wafanyabiashara wetu, kwamba bodi na kamati za mamlaka za udhibiti zijazwe watu wanaotoka viwandani kwa sababu wao ndio wanaoijua kazi. Msimamo wangu ulikuwa kwamba waitwe, waulizwe na wasikilizwe kwa makini, lakini wasipewe kura. Barua zilizofuata ni nyingi na baadhi zinanipinga kwa hoja nzito. Nazijibu chache.

Je, unataka dawa zetu zipimwe na watu wasiojua dawa? (Mfamasia, Mbeya)

La hasha. Anayejua kwa nini kidonge fulani huanza kubomoka baada ya miezi michache katika joto na unyevu wa pwani ni yule anayekitengeneza, na mamlaka isiyomuuliza itafanya maamuzi gizani. Ndiyo maana sina ugomvi na kamati za kitaalamu zinazoandaa viwango, kama zile za Shirika la Viwango Tanzania, ambamo watengenezaji hukaa pamoja na watu wa maabara, vyuo vikuu na watetezi wa walaji. Kiwango kinachoandaliwa humo kinawabana wazalishaji wote kwa pamoja, rasimu yake hutolewa ili umma uitolee maoni, na kauli ya mwisho si ya kamati hiyo.

Hali inabadilika pale swali linapokuwa hili: je, bidhaa hii ya kampuni hii iruhusiwe, iondolewe sokoni, au kampuni itozwe faini? Hapo mtu anayelipwa na kampuni hiyo, au na mshindani wake, ana kitu cha kupata au kupoteza kutokana na jibu. Wazee walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nao hawakumaanisha kwamba mwamba ngoma ni mwizi.

Naomba mfano mmoja wenye ushahidi kwamba kura za watu wenye maslahi zilibadilisha matokeo. Nimechoka na nadharia. (Mwalimu, Iringa)

Mfano ninaourudia ni wa Vioxx. Hiyo ilikuwa dawa ya maumivu na baridi yabisi ya kampuni ya Merck, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999 na kuuzwa katika nchi zaidi ya 80. Tarehe 30 Septemba 2004 Merck yenyewe iliiondoa sokoni, baada ya utafiti kuonyesha kwamba waliokuwa wameitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu walipata mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wingi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Novemba ya mwaka huohuo Dkt. David Graham, mtumishi wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, aliiambia kamati ya Seneti kwamba, kwa makadirio yake, Wamarekani kati ya 88,000 na 139,000 walikuwa wamepata maradhi makubwa ya moyo kwa sababu ya dawa hiyo.

Februari 2005 FDA iliita jopo la washauri 32, likakaa siku tatu kupima kama Vioxx na dawa nyingine za kundi lake zinastahili kuwa sokoni. Kuhusu Vioxx, wajumbe 17 walisema inaweza kurudi na 15 wakakataa. Kuhusu Bextra, dawa ya Pfizer ya kundi hilohilo, 17 walisema ibaki, 13 wakakataa na wawili hawakuegemea upande wowote. Siku chache baadaye gazeti la New York Times lilieleza kwamba wajumbe 10 kati ya hao 32 walikuwa wamefanya kazi ya ushauri kwa kampuni zinazotengeneza dawa hizo katika miaka ya karibuni. Katika hao kumi, tisa waliiunga mkono Vioxx na tisa waliiunga mkono Bextra. Ondoa kura zao, kisha uhesabu upya: Vioxx inapata 8 dhidi ya 14, na Bextra 8 dhidi ya 12. Majibu yote mawili yanageuka.

Kwa bahati njema kura ya jopo hilo ilikuwa ushauri tu. Vioxx haikurudi sokoni, na Aprili 2005 FDA iliitaka Pfizer iiondoe Bextra. Mwaka 2007 bunge la Marekani lilipunguza idadi ya misamaha inayoweza kutolewa kwa wajumbe wenye mgongano wa maslahi, na baadaye FDA ikaelekeza kwamba wajumbe wapige kura kwa pamoja, wakati mmoja, badala ya mmoja mmoja kwa sauti huku wengine wakisikia upepo unakoelekea.

Namwomba mfamasia wa Mbeya aliangalie jambo moja katika hesabu hiyo. Wale 22 waliobaki walikuwa wataalamu kamili, si watu waliookotwa barabarani. Ujuzi uliohitajika ulikuwemo chumbani bila wale kumi, na kama maelezo ya kampuni yalihitajika, wawakilishi wa kampuni walikuwa na nafasi yao ya kuyatoa mbele ya jopo.

Kwa hiyo unawatuhumu wale madaktari kumi kwamba walihongwa? (Msomaji, Tanga)

Hapana, na ningependa tuache kabisa kuchanganya mambo haya mawili. Rushwa ni kosa la jinai na ina taasisi zake za kushughulika nayo. Mgongano wa maslahi ni hali, na mtu mwaminifu kabisa anaweza kujikuta ndani yake. Daktari aliyefanya kazi na kampuni kwa miaka mitano anawafahamu watafiti wake, amesoma takwimu zao kwa macho yao, na anaamini kwa dhati kwamba ni watu makini. Anapoonyeshwa takwimu mbaya, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba lazima kuna maelezo mengine. Hadanganyi. Ni kwamba ameshazoea kusimama upande mmoja. Kwa sababu hiyo sitosheki ninapoambiwa kwamba mjumbe fulani ni mcha Mungu na hawezi kununuliwa. Naamini hivyo, na bado ningemwomba atoke nje wakati wa kura.

Nasikia ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi ilikaguliwa na kampuni iliyoiunda. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ndege ile, Boeing 737 MAX, ilianguka karibu na Bishoftu tarehe 10 Machi 2019, dakika sita hivi baada ya kuruka kutoka Addis Ababa. Watu wote 157 walikufa, Wakenya 32 wakiwa miongoni mwao. Chini ya miezi mitano kabla yake ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na kuua watu 189.

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, kwa miaka mingi imekuwa ikikasimu sehemu kubwa ya kazi ya ukaguzi kwa wafanyakazi wa Boeing wanaotenda kwa niaba yake. Mshahara wao hulipwa na Boeing, na mabosi wao wako Boeing. Ndani ya mpango huo ndimo ulimopita mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, uliokuwa na uwezo wa kuisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea taarifa za kihisio kimoja tu, huku marubani wengi wakiwa hawajaambiwa kwamba upo. Uchunguzi wa bunge la Marekani uliotolewa Septemba 2020 uliushutumu mpango huo wa kukasimu kwa maneno makali, na Desemba ya mwaka huo ikapitishwa sheria ya kuubana.

Ndugu msomaji, hii haikuwa kamati yenye wajumbe na kura, lakini naiweka hapa kwa sababu utetezi wake ulikuwa uleule tunaousikia leo: serikali haina wahandisi wa kutosha, wenye ujuzi wako kiwandani, basi waachiwe. Familia za Kenya zilizokwenda kuchota udongo wa Bishoftu kwa kukosa miili ya kuzika zilistahili mkaguzi asiyekuwa mwajiriwa wa anayekaguliwa.

Marekani ina wataalamu wengi. Sisi katika fani nyingine tunao watatu, na wote wanafanya kazi kwenye kampuni. Tufanyeje? (Mhandisi, Dodoma)

Hili ndilo swali gumu kuliko yote niliyoletewa. Ni kweli kwamba katika fani kama gesi asilia au usalama wa mitandao ya fedha, aliye bora mara nyingi ameshachukuliwa na kampuni kwa mshahara ambao serikali haiwezi kuulipa.

Jibu langu la kwanza ni kutazama nje ya mipaka, kwa kuwa mtaalamu wa Uganda hana hisa katika kiwanda cha Kibaha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa mjini Arusha mwaka 2012, na chini yake wakaguzi wa nchi wanachama hukaa pamoja kutathmini dawa moja kwa niaba ya wote. Shirika la Dawa la Afrika, ambalo mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021 na makao yake yako Kigali, linaweza kulipanua jambo hilo. Na tusijidharau: mwaka 2018 mamlaka yetu ya dawa Tanzania, wakati huo ikiitwa TFDA na sasa TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia daraja la tatu la ukomavu wa udhibiti. Ilifika hapo kwa kujenga wakaguzi wake yenyewe.

Jibu la pili, pale ambapo kweli hakuna mwingine: mtaalamu huyo wa kampuni aitwe, tamko lake la maslahi lisomwe kwa sauti mwanzoni mwa kikao na kuandikwa kwenye muhtasari, aeleze, aulizwe, kisha atoke chumbani kabla wajumbe hawajaanza kujadiliana. Kutoka chumbani ni muhimu kuliko kunyimwa kura, maana katika vikao vyetu kura hupigwa baada ya jambo kuwa limeshaamuliwa kwa mazungumzo.

Wahadhiri nao wanafadhiliwa na kampuni. Mbona hao huwagusi? (Msomaji, Morogoro)

Naam, nao watangaze. Ruzuku ya utafiti ni maslahi sawa na mshahara.

Kuna sekta ambayo hata kuisikiliza hungetaka? (Muuguzi, Mombasa)

Tumbaku. Ibara ya 5.3 ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, inazitaka serikali zizilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya kibiashara ya sekta hiyo. Kenya iliweka katika kanuni zake za mwaka 2014 mipaka ya mawasiliano kati ya maofisa wa serikali na kampuni za sigara. British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo mahakamani, ikashindwa katika kila ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu Novemba 2019. Kwa sekta nyingine kuna jambo la kujadiliana, kwa sababu bidhaa ikitengenezwa vizuri inamfaa mtumiaji. Kwa sigara hakuna.

Hata jopo likiwa safi, si wakubwa wataamua watakavyo? (Msomaji, Mwanza)

Inatokea. Novemba 2020 jopo la FDA liliipima dawa ya Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, iitwayo Aduhelm, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyekubali kwamba ushahidi mkuu ulitosha. Juni 2021 FDA iliidhinisha hata hivyo. Wajumbe watatu walijiuzulu, na mwaka 2024 kampuni ya Biogen ikatangaza kuachana na dawa hiyo. Jopo halikuzuia kosa, lakini kwa sababu kikao kilikuwa cha wazi na kura zilijulikana, kila mtu aliweza kuona nani aliamua nini.

Mimi ni mteja wa maji tu. Hayo yote yananihusu nini? (Mama wa nyumbani, Temeke)

Yanakuhusu sana, mama. Mamlaka ya maji inapoomba kupandisha bei, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya umma, na wewe unaruhusiwa kuingia na kusema. Baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za nishati na maji huwa hapo kwa ajili yako. Siku ya mkutano fika mapema, beba ankara zako za miezi kadhaa, na utakapopewa kipaza sauti usiishie kulalamikia bei. Uliza pia, ili iandikwe: ni nani waliokaa kuyapitia maombi haya, na kati yao yupo anayelipwa na mwombaji?