Giza lisije mpaka utoe ishara

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umeandika kwamba taa zote utazifunga kwenye muziki: kompyuta ianze kupiga, taa zijiendeshe zenyewe mpaka mwisho, na mdundo unaporudi kwa kishindo giza liingie, strobu (ile taa inayomweka haraka haraka) iwake, nawe udondoke ukiwa umejifunga kwenye kitambaa kile kirefu cha sarakasi kinachoning'inia kutoka juu. Maswali yako mengine nimeyaona, la aina ya kitambaa, la programu ya muziki, la urefu wa onyesho. Yatasubiri. Hili la taa ndilo litakalokuumiza, na nalijua kwa sababu nililifanya hivyo hivyo ulivyolieleza.

Onyesho langu lilikuwa la dakika 9. Muziki tuliutengeneza wenyewe, mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila nusu sekunde. Fundi taa akaniambia nisihangaike, kila badiliko la mwanga atalifunga kwenye sekunde yake na hakuna mtu atakayegusa kitu. "Mashine haikosei." Mazoezini tulirudia mara nyingi, kila kitu kikakaa sawa, nikamwamini.

Usiku wa onyesho viganja vilinitoka jasho. Kitambaa kikawa kinateleza, na ule mpando wa mita 6 ambao nilizoea kuumaliza kwa mapigo 32, sekunde 16, ukanichukua sekunde 18. Mdondoko wenyewe ulitaka kitambaa kizunguke kiuno mara mbili, kisha kipite pajani na kurudi mgongoni. Kiuno nilikuwa nimemaliza. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mkia wa kitambaa, naupeleka pajani, giza likaja. Mara strobu. Kila taa ikimweka nauona mkono wangu mahali pengine, kama picha zilizonyofolewa katikati, na baina ya mmweko na mmweko sioni kitu. Kitambaa kiko ndani ya paja au nje? Sikujua. Nikasikia mdundo unapanda, mwili ukafanya ulichozoea. Nikaachia.

Kitambaa hakikuwa kimepita. Mizunguko ya kiunoni ilinibana nusu, ikanigeuza kichwa chini, nikakidaka kitambaa kwa mkono mmoja. Bega la kushoto likatoka mahali pake. Ngozi ya ubavuni ikachunika kwa msuguano kama nimeburutwa kwenye lami. Nilikuja kusimama nikiwa naweza kuigusa sakafu kwa vidole. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo sehemu ya mchezo! Miezi 7 sikupanda tena.

Na yule fundi alipokuja kunitazama, unajua alisemaje? "Lakini taa zilikwenda sawa." Ni kweli, zilikwenda sawa sawa na saa yake. Bado inaniuma. Hajawahi kuning'inia hata mara moja, hakuniuliza hata siku moja macho yangu yanatazama wapi kwenye sekunde ile, halafu anapanga giza juu ya kichwa cha mtu. Wa namna hiyo wapo wengi. Wanajua vifaa, hawamjui aliye juu.

Ukizunguka angani, majimaji ya sikio la ndani huendelea kwenda hata ukishasimama. Macho ndiyo yanayouambia mwili ukweli, kwa kushika kitu kimoja kisichotembea. Ukizima taa ghafla umeuondolea mwili mahali pa kujishikiza, na jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza kikamilifu. Wewe unalipa jicho sekunde mbili tu. Strobu ndiyo mbaya zaidi, maana inakuonyesha vipande vya ukweli ukadhani umeona vyote. Halafu wafikirie na watazamaji: mimweko ya kati ya 3 na 30 kwa sekunde inaweza kumwangusha mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Waonywe kabla hawajaingia.

Kwa hiyo awepo mtu mmoja chini, anakuona kwa macho yake, kidole kiko juu ya kitufe. Giza lisije, strobu isiwake, kishindo kisitoke, mpaka umpe ishara. Mimi hunyoosha mguu wa kushoto hadi ncha za vidole, nikimaanisha nimefunga, nimekagua kwa mkono, niko tayari. Kabla ya hapo muziki unajirudia tu, kipande cha mapigo 8, sekunde 4, kinazunguka na kuzunguka. Muziki wa kielektroniki una uwezo huo tayari, utumie. Mtazamaji hatajua kama kimezunguka mara 2 au mara 6, na kadiri kinavyozunguka ndivyo roho inavyozidi kumpanda.

Pia acha taa moja ndogo isiyozimwa kamwe, kwenye ukuta wa mbele yako, usawa wa macho ukiwa juu. Fundi atalalamika kwamba inaharibu giza lake. Mwache alalamike.

Vihisi vya mkononi ulivyovitaja, vile vinavyosoma mwendo wako na kuuongoza muziki, ni wazo zuri, maana hapo muziki ndio unaokufuata wewe. Ila vingi visivyo na waya hutumia masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya Wi-Fi. Ukumbi ukiwa mtupu vinatii, ukijaa watu na simu zao vinaanza kukwama. Usivipe kabisa kazi ya kuleta giza. Betri usiifunge popote kitambaa kinapobana, ya lithiamu ikitobolewa inawaka moto ikiwa mwilini mwako.

Kesho mazoezini fanya hivi: panda nusu mita tu, godoro nene chini, anza kufunga ule mzunguko wa pajani, mwenzako azime taa zote bila kukuonya. Usiachie. Baki hivyo hivyo, useme kwa sauti kitambaa kiko upande gani wa paja, kisha awashe. Njoo utuambie ulipatia mara ngapi.