Kihispania cha mwanzo: usiogope matamshi, ogopa ser na estar

Mkuu, umeuliza kama Kihispania ni kigumu kwa sisi wa Kiswahili, na kama kuna haja ya kujisumbua na tamaduni zao. Matamshi hayatakutoa jasho, irabu ni zile zile tano. Halafu kuna maneno unayoyajua tayari: mesa ni meza, bandera ni bendera (sisi tuliyapata kwa Wareno), na azúcar na sukari yote asili yake ni Kiarabu.

Kasheshe iko kwenye ser na estar, vitenzi viwili ambavyo vyote ni "kuwa": ser ni jinsi mtu alivyo, estar ni hali aliyonayo kwa sasa. Wiki ya tatu somo lilinichosha, nikamwambia mwalimu "soy aburrido". Alicheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kusema nimeboreka, yaani "estoy aburrido" (estoy ni ya estar), kumbe kwa soy, ambayo ni ya ser, nimejitangaza kuwa mimi ni mtu wa kuboa. Pengine hakukosea.

Utamaduni usiuruke. Hata majina yana somo: mcheza tenisi Rafael Nadal Parera, Nadal la baba, Parera la mama, kwa hiyo ukimwita Bwana Parera umechemka. Wala usidhani nchi zote ni moja. "Wewe" Mexico ni tú, Buenos Aires utasikia vos. Na huko Mexico, tarehe 1 na 2 Novemba familia huwaandalia marehemu wao meza: picha, mishumaa, maua ya rangi ya chungwa, na chakula alichokipenda mwenyewe. Nilidhani ni msiba, kumbe watu wanapiga stori na muziki makaburini.

Ukikutana na mzee, anza na usted, "wewe" ya heshima. Tú subiri akuruhusu.