Uliza Sheria: Aliyefungwa Anaweza Kugombea?

SWALI: Ndugu yetu alifungwa mwaka mmoja kwa kumpiga mtu, akatoka 2023. Anataka uwakilishi wa wadi 2027. Wapinzani wanasema jela imemfungia mlango maisha. Ni kweli?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Si kweli. Kifungu cha 193 cha Katiba ya Kenya kinamzuia anayetumikia kifungo cha miezi 6 au zaidi. Aliyekwisha kukimaliza hazuiwi. Kwa mbunge ni kifungu cha 99, na kinachotazamwa ni hali yake siku ya kuandikishwa kuwa mgombea au siku ya uchaguzi.

Lakini asifiche. Fomu ya maadili anayojaza ili kugombea inauliza kuhusu kifungo cha miezi 6 au zaidi. Ajibu ndiyo, aeleze kosa na tarehe aliyotoka, na aweke tayari nakala ya hukumu iliyothibitishwa mahakamani. Kifungo kilichoisha hakimwondoi, ila uongo kwenye fomu ni kosa jipya.

SWALI: Na aliyepatikana na ufisadi akatozwa faini tu?
Msomaji, Voi

JIBU: Faini haimwokoi. Kifungu cha 64 cha sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 kinamnyima kuchaguliwa au kuteuliwa kuwa afisa wa umma kwa miaka 10 tangu alipotiwa hatiani. Majina ya waliozuiwa hutakiwa kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali angalau mara moja kwa mwaka. Yatafuteni humo kabla ya kampeni.

Pa kuuma ni rufaa. Kwa vizuizi vya Katiba, mtu hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Rufaa dhidi ya hukumu ya jinai ya hakimu huwasilishwa ndani ya siku 14. Mwenye wakili huiwahi, kisha kesi ikasota miaka naye yuko kwenye kura. Asiye na wakili huziacha siku hizo zipite, akazuiwa mara moja. Naona huu ni udhalimu, na dawa yake ni kuziwekea rufaa za wagombea muda wa mwisho kabla ya uteuzi.

Tena mtu huzuiwa hata bila kutiwa hatiani. Mike Sonko aliondolewa ugavana wa Nairobi na Seneti Desemba 2020. Julai 2022 Mahakama ya Juu ilikubali kuondolewa huko, na azma yake ya ugavana wa Mombasa ikaishia hapo.