Seli Zilizokufa Nazo Hutulia

Wewe unayeanza kutafuta dawa za kupunguza uvimbe kwa bakteria wa baharini (uvimbe wa wekundu, joto na maumivu, si wa saratani), anza na subira. Aktinobakteria (kundi mojawapo la bakteria) wa kwenye tope hukua polepole mno. Mimi nilitupa sahani zangu za kuoteshea siku ya saba nikiona hazina kitu. Mwenzangu aliziacha zake wiki sita, akapata makoloni makavu yaliyong'ang'ania agari (jeli ya kuoteshea). Na Salinispora, jamii mojawapo ya aktinobakteria wa baharini, usipoipa maji ya chumvi kama ya bahari, utasubiri bure.

Kwenye kipimo ndiko tunakoumbuka. Tunachukua makrofaji (seli za kinga) za panya, aina iitwayo RAW 264.7, tunazichokoza kwa lipopolisakaridi (LPS, kemikali ya bakteria inayoamsha uvimbe) ili zitoe oksidi ya nitriki, ishara ya uvimbe; kesho yake tunatia kitendanishi cha Griess, kinachoionyesha kwa rangi, na kusoma rangi hiyo ya waridi kwenye mwanga wa nanomita 540. Dondoo (kemikali zilizokamuliwa kwa bakteria) likifanya kazi, rangi hufifia. Langu la kwanza liliifuta kabisa! Nikaita maabara nzima. Msimamizi akauliza tu, "Seli ziko hai?" Sikuwa nimepima. Zilikuwa zimekufa zote, na maiti haitoi oksidi ya nitriki. Tangu siku hiyo napima uhai kwa MTT (rangi inayogeuzwa na seli hai) sambamba, dozi zilezile, pamoja na kishimo (kitundu cha sahani ya kipimo) chenye seli na DMSO, kiyeyusho cha dondoo, peke yake.

Kuna mtego wa upande wa pili. Bakteria wa Gramu hasi (kundi mojawapo kubwa la bakteria) wana LPS kwenye ukuta wao wenyewe, kwa hiyo dondoo lao laweza kuzichokoza seli badala ya kuzituliza. Tenga kishimo cha dondoo bila LPS ya kuongeza. Seli zikiamka, rudia na polimiksini B, antibiotiki ambayo huifunga LPS; zikitulia, umemjua mchokozi. Dondoo lenye rangi nalo lisomwe peke yake, uitoe rangi yake kwenye hesabu.

Kingine, usitupe kitu. Siklomarini A, kemikali ya bakteria, ilitoka kwa Streptomyces (aktinobakteria) wa Mission Bay, San Diego. Kundi la mkemia wa viumbe vya bahari William Fenical liliitangaza mwaka 1999 kama kemikali ya kupunguza uvimbe, ikiwa imejaribiwa kwa panya. Baadaye ikaonekana inaua bakteria wa kifua kikuu kwa kushika protini yao ya ClpC1. Kwa hiyo kila aina ya bakteria uliyoipata igandishe kwenye gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri, na lebo uandike kwa penseli. Wino wa kalamu hufutwa na ethanoli. Mimi nina vichupa kumi na kimoja visivyo na jina.