Nilivyowapika bakteria wangu kwenye chai

Kwa wiki tatu nzima nilikuwa naamka, nachemsha chai, namimina kikombeni unga wa pakiti ya probiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, nakoroga mpaka uyeyuke, kisha nakunywa ingali inachoma ulimi. Nilikuwa na kilo 94 na urefu wa sentimita 166. Ukipiga hesabu ya BMI, kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, hapo unapata 34, na kuanzia 30 kwenda juu ndiyo unene uliopitiliza. Kumbe sikuwa "mnene kidogo" kama nilivyozoea kujiambia mbele ya kioo. Pakiti ilikuwa imeandikwa kwa herufi nene kwamba inasaidia kudhibiti uzito. Mwisho wa wiki ya tatu nikapanda mizani: 94.6.

Nikaenda kulalamika kwa mtaalamu wa lishe niliyekuwa namwona. Akanisikiliza, akaniuliza unga wenyewe natumiaje, nikamweleza kuhusu chai. Akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, ulikuwa unakunywa supu ya bakteria."

Kosa langu lilikuwa la msingi kabisa. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na wa Shirika la Afya Duniani walikaa wakakubaliana maana ya neno probiotiki: ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea faida ya kiafya yule anayevitumia. Hai, na kwa kiasi cha kutosha. Mimi vya kwangu vilikuwa vinafia kikombeni kila asubuhi. Unga wa aina hii unachanganywa na maji ya kawaida au chakula kilichokwisha poa, na maelekezo hayo yalikuwepo nyuma ya pakiti, kwa maandishi madogo ambayo sikujisumbua kuyasoma.

Sasa, kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu aamini kwamba bakteria wanaweza kumpunguza kitambi? Hapo sikuwa nimepotea sana. Mwaka 2004, timu ya mtafiti Jeffrey Gordon kule St. Louis, Marekani, ilichukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja mwilini, ikawapandikizia bakteria wa tumboni mwa panya wa kawaida. Ndani ya wiki mbili mafuta mwilini mwao yalipanda kwa zaidi ya nusu, na chakula walikuwa wanakula kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 2013 timu hiyohiyo ikaenda mbali zaidi. Walichukua kinyesi cha mapacha, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, wakawapandikizia panya bakteria wao. Panya waliopata bakteria wa pacha mnene wakaongezeka mafuta, wale wa pacha mwembamba wakabaki wembamba.

Watu wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, na wauzaji ndiyo kabisa. Mimi ninayoipenda ni sehemu inayofuata. Panya wa makundi yote mawili wakawekwa kizimba kimoja. Panya hula kinyesi cha wenzao, kwa hiyo bakteria wakahama, na wale waliotakiwa kunenepa hawakunenepa. Ila hilo lilitokea pale tu walipolishwa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Walipopewa chakula chenye mafuta mengi na matunda na mboga kiduchu, bakteria wale wazuri hawakuweza kukaa, na panya wakanenepa tu. Niliposoma hivyo nikakumbuka nilichokuwa nakula baada ya ile chai yangu ya kila asubuhi. Sitakitaja. Nyuzinyuzi hakikuwa nazo.

Tuje kwa binadamu, maana mimi si panya. Jaribio ambalo watu wa fani hii hulitaja sana lilifanyika Japani, likachapishwa mwaka 2010. Watu 87 wenye mafuta mengi tumboni walikunywa gramu 200 za maziwa yaliyochachushwa kila siku kwa wiki 12. Nusu yao maziwa yao yalikuwa na bakteria aitwaye Lactobacillus gasseri SBT2055, nusu hayakuwa naye. Waliompata walipungua mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo kwa asilimia 4.6, na uzito kwa asilimia 1.4. Nikachukua kikokotoo. Asilimia 1.4 ya kilo 94 ni kilo moja na gramu mia tatu. Kwa miezi mitatu! Mizani yangu inaweza kuyumba hivyo kati ya jioni na asubuhi, kutegemea chumvi niliyokula na kama nimeshaenda chooni. Kundi hilohilo la watafiti baadaye lilifanya jaribio kubwa zaidi, na waliposimamisha maziwa, wiki nne tu mbele faida ikawa imeanza kufifia.

Mwaka 2018 watafiti wengine wakakusanya majaribio 15, jumla ya watu 957, wakayachambua kwa pamoja. Tofauti ya wastani kati ya waliotumia probiotiki na waliopewa kitu kisicho na bakteria ilikuwa gramu mia sita. Kwa kulinganisha, sindano ya semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, katika jaribio lake kubwa la wiki 68 ilipunguza uzito kwa takriban asilimia 15. Simwambii mtu akachome sindano, hilo ni lake na daktari wake. Ninachosema ni kwamba ukiona tangazo la probiotiki lenye picha ya suruali iliyompwaya mtu, jua anayetangaza anauza picha.

Basi nikaacha? Hapana, na hapa ndipo mambo yangu yalipoanza kunyooka kidogo.

Yule mtaalamu aliniambia nisihesabu probiotiki kama dawa ya kupunguza uzito, niihesabu kama msaidizi wa kazi nyingine. Kazi yenyewe ilikuwa nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula halisi. Tulipokaa kupiga hesabu ya ninachokula, nilikuwa sifiki hata nusu. Nyuzinyuzi hatuwezi kuzimeng'enya sisi wenyewe. Zinateremka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanazila na kutoa asidi za mafuta fupi. Asidi hizo zinauamsha utumbo kutoa homoni zinazouambia ubongo kwamba umeshiba, mojawapo ni GLP-1, ileile ambayo sindano niliyoitaja inaiiga. Kwa hiyo ukimeza bakteria bila kuwapa chakula, umeajiri wapishi ukawafungia stoo.

Tatizo ni kwamba nilishawahi kujaribu kula maharage na mboga kwa wingi, nikashindwa. Siku ya tatu tumbo linajaa gesi, linanguruma katikati ya mkutano, nafunga vifungo vya sketi kwa taabu, naacha. Safari hii nilipanda ngazi polepole: wiki ya kwanza kijiko kikubwa kimoja tu cha maharage cha ziada kwa siku, wiki ya pili viwili, maji zaidi, na probiotiki kwa maji ya baridi. Gesi ilikuwepo, ila ya kuvumilika. Kufika wiki ya tano choo kilikuwa kimekaa sawa kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na ile njaa ya saa nne usiku iliyokuwa inanipeleka kwenye friji kama niliyetumwa ikapungua makali. Ni bakteria? Ni maharage? Ni ile hali ya kuandika kila kitu kwenye daftari? Kwa mtu mmoja huwezi kutenganisha, na anayekuambia anaweza anakudanganya au anajidanganya.

Kuhusu kununua, kuna jambo moja ambalo lingeniokolea fedha nyingi kama ningelijua mapema. Jina la bakteria lina sehemu tatu: la kwanza ni la ukoo, la pili la spishi, na la tatu ni herufi na namba. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaipuuza na ndiyo yenye maana. Ukiniambia gari lako ni Toyota hujaniambia kitu, Toyota ziko nyingi. Matokeo ya jaribio la SBT2055 ni ya SBT2055, si ya kila kilichoandikwa Lactobacillus. Kopo langu la kwanza liliishia kwenye spishi. Nilimulika tochi ya simu pande zote nikitafuta namba, hakuna. Kuna jaribio jingine la Kanada, la mwaka 2014, la Lactobacillus rhamnosus wa namba fulani, ambapo wanawake walipungua zaidi ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na kitu, na wanaume hawakuona tofauti. Hata jinsia inaingia humo.

Angalia pia idadi ya bakteria, ambayo huwa ni mabilioni kwa dozi, na angalia ni idadi ya lini. Wengine wanaandika waliokuwepo siku ya kutengenezwa, wengine wanaahidi watakaokuwepo mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi. Ya pili ndiyo unayolipia. Kama ni mtindi, hakikisha haujachemshwa baada ya kuchachushwa, na usome sukari. Ule wenye ladha za matunda unaweza kuwa pipi iliyojificha kwenye maziwa.

Kuna watu wasijaribu hili bila daktari: wenye kinga iliyoshuka sana, walio kwenye tiba ya saratani, wenye mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Bakteria hai akipenya kwenye damu ya mtu dhaifu habari inabadilika. Nchini Uholanzi, jaribio lililochapishwa mwaka 2008 kwa wagonjwa wa uvimbe mkali wa kongosho lilionyesha vifo vingi zaidi upande wa waliopewa probiotiki. Na usikimbilie kuzimeza kila ukimaliza dozi ya antibiotiki. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walionyesha mwaka 2018 kwamba mchanganyiko waliotumia ulichelewesha kurudi kwa bakteria wa asili wa mtu.

Nirudi kwenye chai yangu, maana kuna kichekesho nilikikuta baadaye. Yupo bakteria mmoja anaitwa Akkermansia muciniphila, anakaa kwenye ute unaofunika utumbo. Watafiti wa Louvain, Ubelgiji, walimpa watu wenye uzito mkubwa kwa miezi mitatu, wengine wakipewa bakteria hai, wengine bakteria waliopashwa moto mpaka nyuzi 70 kwa nusu saa, yaani wafu. Waliofanya kazi vizuri zaidi, hasa kwenye namna mwili unavyoitikia insulini, ni wale bakteria wafu. Uzito ulishuka kidogo, ila si kiasi cha kuthibitisha kitu. Nilimtumia mtaalamu wangu habari hiyo nikiwa nimeshinda kesi. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Wa kwako hawakuwa hao."

Leo nina kilo 87, baada ya miezi kumi na moja. Probiotiki nilitumia makopo mawili, miezi minne hivi, halafu nikaacha kwa sababu bei haikulingana na kilichobaki kwao kufanya. Uzito haukurudi nilipoziacha. Ulirudi kilo mbili mwezi niliosafiri na kula vya kukaanga asubuhi na jioni, nikatumia wiki sita kuzitoa. Ukitaka kujaribu, jipe wiki 12, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila Jumamosi kabla hujanywa chochote, maana kiuno kinasema mapema kuliko mizani, andika, na wiki ya 12 soma daftari lako mwenyewe. Kama hakuna kilichosogea, si kwenye kiuno, si tumboni, si kwenye njaa, usinunue kopo jingine.

Chai bado naipenda ya moto sana. Siweki kitu ndani.