Kwa nini wasishone tu? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu sarkoma ya mama yake

Pole sana mkuu, na mama mpe pole. Umeuliza kwa nini wakishatoa sarkoma ya pajani (saratani inayoota kwenye nyama, mafuta au mifupa) wasishone tu yakaisha, na kama kuchukua nyama mgongoni ni lazima au ni urembo. Mimi si daktari. Nilitolewa sarkoma kwenye muundi wa mguu wa kushoto, nikazibwa kwa nyama ya paja la kulia.

Upasuaji huu wa kuziba huitwa upasuaji wa plastiki, na hilo neno "plastiki" ndilo linalowachanganya watu. Hakuna plastiki inayowekwa, na urembo hauhusiki kabisa.

Yangu ilianza kwa kosa. Kivimbe kigumu, hakiumi, nikaambiwa ni mafuta tu, kikatolewa bila picha ya MRI wala kuchukuliwa kipande kidogo cha kupimwa kwanza. Jina la sarkoma nimelisikia majibu ya maabara yalipotoka. Tena mkato ulipita kwa upana wa mguu badala ya kufuata urefu wake, kwa hiyo timu ya pili ililazimika kuondoa kovu lote na kila palipoguswa, maana seli zingeweza kuwa zimebaki humo. Shimo likawa pana kama kiganja. Kama mama alipimwa kwa sindano kabla ya kukatwa, ameanza vizuri kuliko mimi.

Sarkoma haikamuliwi kama jipu. Hutolewa ikiwa imezungukwa na nyama nzima pande zote, kama mche unavyong'olewa na udongo wake, na mpasuaji hatakiwi kuuona uvimbe wenyewe. Sasa daktari anayejua kwamba atashona mwenyewe hushawishika kubana mkato ili ngozi ifikiane, na kinachoachwa hapo ndicho kinachorudi. Akiwepo mwenzake wa kuziba, yeye anakata panapostahili. Kwa hiyo wakikwambia wako madaktari wawili, usidhani hali imekuwa mbaya zaidi. Mimi ningeogopa wangekuwa mmoja.

Ngozi ya kubandika peke yake je? Inafaa mahali pengine. Lakini hiyo huchunwa nyembamba, chini ya milimita moja, na huishi kwa damu ya pale inapolazwa. Juu ya mfupa mtupu haishiki. Na nyama iliyopigwa mionzi huchelewa kupona. Mimi nilipigwa mionzi kabla ya upasuaji, mara 25 kwa wiki tano, na faida yake ni kwamba dozi huwa ndogo kuliko ya baadaye. Ubaya wake uko kwenye kidonda: utafiti wa Kanada uliochapishwa 2002 ulikuta matatizo ya kidonda kwa asilimia 35 ya waliopigwa mionzi kabla, dhidi ya 17 ya waliopigwa baada. Ndiyo sababu huletwa nyama yenye ateri (mshipa unaoleta damu) na vena (unaoirudisha) zake, ikaunganishwa chini ya hadubini kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele.

Siku mbili za kwanza hutalala, wala mama hatalala. Kila saa muuguzi anakuja na tochi, anagusa kama pana joto, anabonyeza kuona rangi inavyorudi, anasikiliza mshipa. Niliwachukia. Usiku wa pili kipande changu kikaanza kuwa cha zambarau, yaani damu inaingia lakini haitoki, na kabla sijaelewa kinachoendelea nilikuwa tena mezani wanazibua vena. Kingeachwa hadi asubuhi kingekufa. Kikipauka na kupoa, maana yake damu haiingii. Mama akiona mabadiliko yoyote aite watu, hata kama ni usiku wa manane. Na asivute sigara, wala asikae karibu na anayevuta.

Mguu haushushwi siku ya kwanza. Mimi nilianza kwa kuuning'iniza dakika tano, tukaongeza polepole. Kilichoniuma zaidi ni paja walikochukua nyama, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Kipande chenyewe hakina hisia mpaka leo, kilikaa kimetuna kama kimto hadi wakakipunguza mafuta baadaye, na kinaota nywele za pajani. Watoto wangu wanakiita mgeni.

Waulize kama wataziba siku hiyohiyo au watafunika kwanza hadi maabara ithibitishe kingo ni safi; yote mawili hufanyika. Uliza pia kama kuna mshipa wa fahamu utakaokatwa, na mazoezi ya viungo yataanza lini. Baadaye asikose vipimo vya kifua hata akijisikia mzima, kwa sababu sarkoma ikihama mara nyingi hukimbilia mapafuni.

Ule msuli mpana wa mgongo ukiondolewa, misuli mingine hubeba kazi yake, ila mwanzoni atapata shida kujisukuma kutoka kitini. Mpelekee magauni ya vifungo mbele. Mkono wa upande huo hautanyanyuka vizuri kwa siku kadhaa, na atakuwa na mrija wa kutoa maji ubavuni.